Kiwango cha Chini cha Mshahara Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Jumamosi alasiri huwa naketi kwenye benchi nje ya kanisa moja huku Mukuru, na watu huja na karatasi zilizokunjwa mara nne, simu zenye ujumbe wa M-Pesa, na hasira. Mimi si wakili. Nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi kiwandani kwa miaka mingi, na sheria nimeisoma kwa sababu ilinibidi. Nilichogundua ni kwamba wengi hawadhulumiwi kwenye kiwango chenyewe. Mwajiri anakijua kiwango hicho, kwa hiyo anakulipa tarakimu inayofanana na ya serikali, halafu anakumaliza kwenye hesabu: nyumba, saa za ziada, Jumapili, makato. Ndiyo maana majibu mengi hapa yana hesabu. Chukua kalamu.

Nairobi, mtu hatakiwi kulipwa chini ya pesa ngapi?

Inategemea kazi. Kwa Amri ya Mishahara iliyoanza kutumika 1 Novemba 2024, ngazi ya chini kabisa jijini ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Ngazi hiyo ina vibarua wa kawaida, wafagiaji, watunza bustani, tarishi, mabawabu wa mchana, yaya na wafanyakazi wa nyumbani. Bawabu wa usiku yuko juu kidogo, karibu 18,000. Kisha ngazi zinapanda: wahudumu wa mashine, mafundi cherehani, madereva, mafundi wenye vyeti vya daraja. Keshia na dereva wa lori kubwa kiwango chao ni zaidi ya mara mbili ya kile cha kibarua wa kawaida, na hapa ndipo wengi huibiwa bila kujua. Mtu anaketi kwenye droo ya pesa kutwa nzima lakini barua yake ya kazi inasema "msaidizi wa duka".

Kazi ya shambani, ujenzi na kampuni za ulinzi zina amri zao tofauti. Kama chama chenu kimetia sahihi mkataba wa pamoja na mwajiri, basi mkataba huo kwa kawaida uko juu ya Amri, nao ndio unaofuatwa. Amri mpya ikitoka, hesabu za ukurasa huu zinabaki zile zile. Badilisha tarakimu tu.

Kwa hiyo nikilipwa 16,113.75 mambo yako sawa?

Hapana. Hilo ndilo shimo kubwa kuliko yote. Tarakimu hiyo ni mshahara wa msingi, kabla ya nyumba. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri akupe mahali pa kuishi panapofaa au akulipe pesa za kukodi, juu ya mshahara. Amri ya Mishahara inaweka marupurupu hayo kuwa asilimia 15 ya msingi.

Asilimia 15 ya 16,113.75 ni 2,417.06. Jumla ni 18,530.81. Chini ya hapo, kwa mtu asiyepewa nyumba Nairobi, unapunjwa.

Mwajiri anaweza kuandika kwenye mkataba kwamba mshahara ni mmoja, nyumba imo ndani. Sheria inamruhusu. Lakini hiyo jumla lazima itoshe vyote viwili. Hawezi kuandika "16,200, nyumba ikiwemo" akadhani amejiokoa.

Sasa tuweke hati ya mshahara mezani, ile peslipu, ya mtu wa 18,530.81:

NSSF (akiba ya uzeeni), asilimia 6: 1,111.85. Mwajiri naye analipa kiasi hicho hicho kutoka mfukoni mwake.
SHA (bima ya afya ya serikali), asilimia 2.75: 509.60. Hapa mwajiri haongezi kitu.
Ada ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5: 277.96. Mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho.
Ushuru wa mapato: sufuri, kwa sababu nafuu ya 2,400 kwa mwezi inafuta ushuru wa mtu anayepata 24,000 kushuka chini.

Unabaki na 16,631.40. Ukiona umekatwa "ushuru" kwenye mshahara huu, uliza unakwenda wapi. Na ukiona sehemu ya NSSF ya mwajiri imekatwa kwako, yaani asilimia 12 badala ya 6, hilo si kosa la kompyuta.

Rais alitangaza nyongeza Mei mosi. Mbona mshahara wangu haujasonga?

Kwa sababu hotuba si sheria. Tarehe 1 Mei 2024 pale Uhuru Gardens Rais Ruto alitangaza nyongeza ya asilimia 6. Watu walirudi mtaani wakiimba. Amri yenyewe ilianza kutumika 1 Novemba, miezi sita baadaye. Kati ya hapo na pale mwajiri ambaye hakuongeza hakuwa na kosa. Kinachohesabika ni Gazeti Rasmi la Serikali na tarehe ya kuanza iliyoandikwa ndani yake. Wakati mwingine tarehe hiyo inarudi nyuma, na hapo unadai malimbikizo. Nyongeza ya 2018 ilichapishwa miezi mingi baadaye lakini ikahesabiwa kuanzia 1 Mei.

Jambo lingine: asilimia iliyotangazwa ni ya kiwango cha chini. Kama unalipwa 40,000 kwa kazi ambayo kiwango chake ni 20,000, Amri haimlazimishi mdosi wako kukuongeza hata shilingi.

Ninaishi Nairobi lakini kazi iko Syokimau. Nahesabiwa wapi?

Mahali pa kazi, si mahali pa kulala. Nchi imegawanywa mafungu matatu: majiji (Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru), zilizokuwa manispaa pamoja na Mavoko, Ruiru na Limuru, na sehemu nyingine zote. Syokimau na Athi River ziko Mavoko, fungu la pili, ambako ngazi ya chini ni 14,866.95 kabla ya nyumba. Kwa hiyo wanawake wawili wa kitongoji kimoja, wanaoamka saa kumi alfajiri pamoja na kushona shati la aina moja, mmoja Baba Dogo na mwingine Athi River, wana viwango tofauti. Ajabu zaidi ni Githurai: upande wa 44 ni Nairobi, upande wa 45 ni Ruiru. Vuka barabara, mshahara unashuka. Mimi naona mpango huu umepitwa na wakati, maana bei ya unga haiangalii mpaka wa kaunti. Lakini ndio uliopo.

Mimi ni yaya, nakula na kulala kwa mwajiri. Ananilipa 9,000, anasema chakula na kitanda vimo.

Kitanda kinamwondolea asilimia 15 ya nyumba, basi. Hakigusi 16,113.75. Chakula nacho hakimo kwenye orodha ya vitu ambavyo sheria inaruhusu vikatwe kwenye mshahara kwa sababu tu mwajiri ameamua. Unapunjwa 7,113.75 kila mwezi.

Na kama hulali kwake, unakuja asubuhi kutoka Kawangware hadi Kileleshwa kwa miguu kisha unarudi jioni, kiwango chako ni 18,530.81. Anayelipwa 10,000 kwa mwezi katika hali hiyo, kwa mwaka mmoja anadai 102,369.72. Nilipomfanyia dada mmoja hesabu hii kwenye gamba la kiberiti alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama nimehesabu vizuri. Tukarudia mara tatu.

Kazi za nyumbani ni kazi kamili mbele ya Sheria ya Ajira. Unayo siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Unayo likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka kwa malipo kamili. Ukijifungua unayo miezi mitatu.

Lakini nilikubali mwenyewe. Hakuna aliyenishika mkono.

Haijalishi. Kiwango cha chini kinaingia kwenye kila mkataba, hata usioandikwa, na makubaliano yaliyo chini yake hayana nguvu. Kumlipa mtu chini ya kiwango ni kosa la jinai kwa mwajiri. Sheria inajua kwamba mwenye njaa hukubali lolote; ndiyo maana haikuachia kukubali kwako kuamua.

Tunaingia saa moja asubuhi, tunatoka saa kumi na mbili jioni, siku sita. Mshahara ni ule ule wa Amri. Kuna shida?

Ipo. Wiki ya kazi ya kawaida ni saa 52 kwa siku sita. Saa moja hadi kumi na mbili ni saa 11; toa saa moja ya chakula, unabaki na 10. Mara sita ni 60. Kuna saa nane kila wiki ambazo hujalipwa.

Bei ya saa moja unaipata kwa kugawanya mshahara wa msingi wa mwezi kwa 225. Kwa hiyo 16,113.75 unapata 71.62. Siku ya kawaida saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, 107.43. Siku ya mapumziko au sikukuu ya taifa, mara mbili, 143.23. Saa nane mara 107.43 ni 859.44 kwa wiki. Kwa wiki nne ni 3,437.76: kwa wengi hapa hiyo ni kodi ya chumba cha mabati.

Uliza pia kuhusu Mashujaa, Jamhuri, Madaraka. Kuna mwajiri niliyemfanyia kazi, simtaji, alikuwa akitupa mkate na soda siku hizo, tukapiga makofi.

Na bawabu wa usiku?

Wiki yake ya kawaida ni saa 60, si 52. Anayelinda duka kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi kwa usiku sita amefanya saa 72. Zile 12 za juu ni za ziada, karibu shilingi 120 kila moja. Akilinda usiku saba bila mapumziko, ule wa saba unahesabiwa mara mbili. Walioajiriwa na kampuni za ulinzi wasome amri yao wenyewe.

Nimekuwa kibarua wa siku kiwanda kimoja miaka miwili. Kila jioni wananilipa na kuniambia "njoo kesho".

Hilo ndilo swali la Industrial Area nzima. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi pita Lunga Lunga uone lango linafunguliwa kidogo, kichwa cha nyapara kinatokeza, vidole vinanyooshwa: wewe, wewe, na wewe mwenye kofia. Wengine wanageuka kurudi. Walioingia leo ndio wale wale wa jana na wa mwaka jana.

Sheria ya Ajira ina kifungu cha 37 kwa ajili hiyo. Ukifanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja au zaidi, au kazi yenyewe ikiwa ya aina isiyoweza kumalizika ndani ya miezi mitatu, mahakama inakuhesabu kuwa wa mshahara wa mwezi: siku ya mapumziko yenye malipo, likizo, notisi ya siku 28. Kiwanda cha biskuti hakimalizi kupika biskuti. Ugumu uko kwenye kuthibitisha mfululizo huo, maana wajanja huwapumzisha watu siku chache kila mwisho wa mwezi au kubadilisha majina kwenye daftari la lango. Weka rekodi yako. Nitaeleza chini.

Ninafua nguo nyumba tofauti, siku mbili hapa, siku moja pale. Kiwango changu ni kipi?

Amri ina safu ya kulipwa kwa siku na kwa saa. Mwajiri mwenye akili huchukua mshahara wa mwezi akagawanya kwa siku 26 akakuambia 620. Kiwango cha siku katika Amri kiko juu ya hapo, kwa sababu mtu wa siku hana uhakika wa kesho. Na malipo yako ni jioni ile ile, si "nitakutumia wiki ijayo".

Mteja alikula akatoroka bila kulipa. Meneja amekata bili yote kwenye mshahara wangu.

Mhudumu wa meza si bima ya hoteli. Mwajiri anaweza kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa sababu umefanya makusudi. Anaweza pia kukata upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au udanganyifu wako, ikiwa mkataba wako unasema wazi kwamba umekabidhiwa kupokea na kutunza pesa. Mteja aliyeruka dirishani hayuko kwenye orodha hiyo.

Hata makato halali yana kikomo: kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Mkopo uliochukua kwa mwajiri kwa maandishi hauwezi kula zaidi ya nusu. Ukikosa kazi siku moja bila ruhusa, unakatwa ya siku moja, si tatu "ili ujifunze".

Nyapara anataka mia kila siku ili anichague langoni.

Sheria inakataza mwajiri kukata mshahara kama malipo ya kukupa kazi au kukubakisha kazini. Nyapara akila pesa hizo kisirisiri, ni hongo. Najua kusema ni rahisi. Waliofanikiwa ninaowajua walikwenda kwa meneja wakiwa kumi na wanane, si mmoja.

Mwanamke akifanya kazi sawa na mwanamume alipwe sawa?

Ndiyo. Kazi ya thamani sawa, malipo sawa. Kuthibitisha tofauti ni haki ni kazi ya mwajiri.

Niko kwenye majaribio. Kiwango cha chini kinanihusu?

Kinakuhusu tangu siku ya kwanza. Majaribio yenyewe hayazidi miezi sita, na kuongezwa kunahitaji ukubali.

Sina barua ya kazi. Nitathibitisha nini?

Kosa la kukosa barua si lako. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iandikwe, na anayepaswa kuiandaa ni mwajiri. Mkifika mahakamani akashindwa kuleta mkataba, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye. Vivyo hivyo rekodi za mshahara na saa: ni kazi yake kuziweka.

Lakini usiende mikono mitupu. Ujumbe wa M-Pesa wenye jina la mdosi ni ushahidi mzuri, ila simu huibwa, kwa hiyo omba taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima uichapishe pale saiba. Picha ya sare, kitambulisho cha lango, ujumbe wa WhatsApp unaosema "kesho njoo saa moja kamili". Na daftari. Nunua lile dogo la kurasa 32, andika kila siku kabla hujalala: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, pesa uliyopokea, jina la nyapara. Mzee mmoja wa ghala aliniletea madaftari manne yaliyopakwa mafuta ya taa ili mchwa wasiyale. Mstari baada ya mstari, "7.00 – 6.30, J2 pia". Mwajiri alikuwa na wakili. Hakuwa na daftari.

Nikiacha kazi au nikifutwa, nadai nini?

Siku ulizofanya, likizo ambayo hukwenda, notisi au pesa badala ya notisi, saa za ziada zilizobaki. Kama hukuwahi kuandikishwa NSSF wala mpango mwingine wa pensheni, kuna malipo ya utumishi kwa kila mwaka. Kama kazi imepunguzwa, si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Na cheti cha utumishi: wanakunyima kwa hasira, lakini ni haki yako hata kama mliachana vibaya.

"Kwenda leba" ni kwenda wapi hasa?

Ni kwenda kwa afisa wa kazi wa serikali. Makao ya Wizara yako jengo la NSSF, barabara ya Bishops, upande wa Community. Ukifika langoni uliza ofisi ya kaunti ya Nairobi. Hulipi kitu. Unaeleza, unaonyesha karatasi, afisa anamwandikia mwajiri barua ya kumwita. Waajiri wengi wadogo hulipa hapo, kwa sababu barua yenye nembo ya serikali huwatia baridi. Andika hesabu yako kabla ya kwenda. Afisa ana foleni ndefu, na anayemkuta na karatasi iliyopangwa kwa miezi husikilizwa upesi kuliko anayeanza na hadithi ya 2019.

Ikishindikana, ni mahakama. Wenye mshahara wa jumla usiozidi 80,000 kwa mwezi kesi zao husikilizwa na mahakimu walioteuliwa kwa kazi hiyo. Wengine huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, Milimani. Asiye na pesa za wakili ajaribu Kituo Cha Sheria. Wa hoteli na wa nyumbani wana chama chao, KUDHEIHA.

Nikishtaki atanifuta.

Huenda. Sitakudanganya. Kumfuta mtu kwa sababu amelalamika ni kufuta isivyo haki, na mahakama inaweza kumtoza hadi mishahara ya miezi 12. Lakini mahakama huchukua muda, na kodi haisubiri. Wengi hungoja mpaka wanaondoka ndipo wadai, na si aibu, mradi usipitwe: dai lifikishwe mahakamani ndani ya miaka mitatu, na kwa madhara yaliyokuwa yakiendelea, ndani ya miezi 12 tangu yakome. Barua ya leba peke yake haisimamishi saa hiyo.

Mimi ndiye mwajiri. Nalipwa 38,000, nina watoto wawili wadogo. Nitatoa wapi 18,000 za yaya?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na huulizwa na watu wazuri. Jibu la sheria ni kwamba udogo wa mfuko wako haupunguzi kiwango. Unachoweza kupunguza ni muda: siku tatu kwa wiki kwa kiwango cha siku, badala ya sita kwa bei ya huruma. Umoja kuna mama wawili, mmoja ghorofa ya pili na mwingine ya tatu, walioamua kuajiri yaya mmoja kwa watoto wao watatu. Kila mmoja hutoa 9,300 tarehe 30, NSSF na SHA zinapitia kwa yule wa ghorofa ya pili, Jumapili yaya haji. Waliandika masharti kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari la mtoto, na chini yake kuna sahihi tatu.